Nyutoni nane zilizopotea: mkazo wa kamba zinazobeba makapu mawili

Swali: Maalim, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Wete. Tulipewa swali hili: kapu la kilo 6 linaning'inia kwa kamba, na chini yake, kwa kamba ya pili, linaning'inia kapu la kilo 4. Kwanza tutafute mkazo wa kila kamba, yaani kiasi kamba inavyovuta, makapu yakiwa yametulia. Kisha tuutafute tena makapu yakivutwa juu kwa mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde) wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Tuliambiwa tuchukue g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvuto wa dunia, kuwa 10. Mimi nilipata 60 na 40, halafu 72 na 48. Rafiki yangu alipata 100 na 40, halafu 112 na 48. Mwalimu wetu amesahihisha: 100 na 40, halafu 120 na 48. Rafiki yangu amepungukiwa na nyutoni nane na hatujui zimepotelea wapi. Jengine, kaka yangu anasema alionyeshwa skuli kwamba uzi unaokatika ni wa chini. Lakini sisi shamba kwa ami, tulipokuwa tunashusha makapu mawili ya karafuu kwa mtindo huo huo, iliyokatika ni kamba ya juu. Nani mkweli? Na hiyo g, kweli ni 10? Picha ya daftari langu nimeiambatisha.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeniletea na majibu yaliyokosewa, kwa sababu kwa hayo naweza kuona mguu ulipoteleza. Na nyinyi wawili mmeteleza mahali tofauti kabisa. Wewe umeisahau kamba ya pili. Rafiki yako ameikumbuka, lakini ameiweka kando na kuandika kitu chengine mahali pake.

Nimeikuza picha ya daftari lako. Umechora tagaa la mkarafuu, kamba, kapu, kamba nyengine, kapu la pili, na juu ya mchoro huo mmoja umepanga mishale sita. Umechora kwa bidii, hata vipini vya makapu vinaonekana. Lakini huu mshale ulio katikati ya kamba ya pili, unaoelekea juu, unavuta nini? Haukushikana na kapu la juu wala la chini. Umeelea hewani. Kani, hiyo ambayo mitaani tunaiita nguvu na ambayo hupimwa kwa nyutoni, siku zote hufanya kazi juu ya kitu fulani, na hufanywa na kitu fulani. Mshale ambao hujui unamvuta nani, huwezi kuuingiza kwenye hesabu yoyote, na ndiyo maana ulipofika kwenye kapu la juu hukuwa na pa kuutia ukauacha.

Skuli mnafundishwa kuchora mchoro wa kani wa kitu kilichotengwa, na najua wanafunzi wengi huuchukulia kuwa pambo la kupatia alama mbili kabla ya kazi yenyewe kuanza. Mimi nimefundisha somo hili miaka mingi na nakwambia kwa dhati: mchoro ndio kazi yenyewe. Ukishatoka sawa, kilichobaki ni kujumlisha na kutoa. Ukitoka vibaya, hakuna fomula itakayokuokoa.

Namna yake ni hii. Chagua kitu kimoja tu. Kiondoe kwenye picha, kichore peke yake kwenye karatasi nyeupe, hata kama ni duara tu au kisanduku. Kisha kizunguke kwa kidole chako. Kila mahali kinapoguswa na kitu chengine, pakate, na hapo ulipokata weka mshale mmoja unaoonyesha kile kitu kilichoondolewa kilikuwa kinavuta au kinasukuma upande gani. Mwisho ongeza mshale mmoja wa uzito kuelekea chini, kwa sababu dunia huvuta bila kugusa. Basi. Kamba haiwezi kusukuma, inaweza kuvuta tu, kwa hiyo mshale wa kamba siku zote hutoka kwenye kitu na kuelekea kule kamba iliko.

Tuanze na kapu la chini, maana halina mambo mengi. Lizunguke kwa kidole: linaguswa mahali pamoja tu, kwenye kipini, na kamba ya pili. Mshale mmoja juu, tuuite T2. Mshale mmoja chini, uzito wa kilo 4, ambao ni 4 × 10 = nyutoni 40. Limetulia, kwa hiyo juu na chini sawasawa: T2 = 40. Wewe na rafiki yako nyote mmepata hapa, na mmepata kwa haki.

Sasa lije kapu la juu, na hapa nakuomba uende polepole. Lizunguke. Juu, kwenye kipini, kuna kamba ya kwanza: mshale kwenda juu, T1. Endelea kushuka na kidole mpaka kwenye kitako cha kapu. Hapo kuna fundo, si ndiyo? Fundo la kamba ya pili, lile linaloshuka kwenda kulikamata kapu la chini. Fundo hilo linaligusa kapu la juu, na linalivuta chini. Tia mkono wako hapo siku moja, badala ya kapu, shika kamba iliyoning'iniza kapu la kilo 4, utaona mkono unavyovutwa. Kwa hiyo kapu la juu lina mishale mitatu: T1 juu, uzito wake wa nyutoni 60 chini, na T2 chini. Limetulia, basi T1 = 60 + T2 = 60 + 40 = 100.

Hiyo 60 yako imetoka kwenye mchoro wa mishale miwili, kama kwamba chini ya kapu la juu hakuna fundo lolote. Ukitaka kuhakikisha bila mizani, tafuta mipira miwili myembamba inayolingana, ile ya kufungia noti, na chupa mbili za maji za nusu lita zilizojaa. Ning'iniza chupa moja chini ya nyengine, mpira mmoja juu na mmoja katikati. Pima kwa rula. Mpira wa juu utakuwa umenyooka zaidi, ijapokuwa chupa ni sawasawa. Ingekuwa kila kamba inabeba kapu lake tu, mipira ingelingana.

Tuje kwa rafiki yako, na hapa ndipo penye utamu. Jibu lake la kwanza, 100, ni sahihi kwa tarakimu. Lakini nina hakika, kutokana na hiyo 112, kwamba kwenye kapu la juu hakuchora T2. Alichora mshale chini na kuuandika "uzito wa kapu la chini, 40". Makapu yakiwa yametulia hutoona tofauti yoyote, kwa sababu T2 ni 40 na uzito huo ni 40. Kosa limejificha nyuma ya tarakimu zinazofanana. Ila jiulize: je, uzito wa kapu la chini unalivuta kapu la juu? Hapana. Uzito wa kapu la chini ni dunia inavyolivuta kapu la chini. Kapu la juu halijui kama kuna kapu jengine huko chini, wala lina kilo ngapi. Linachojua ni fundo tu. Ungelikata hilo kapu la chini ukaweka mtoto anayevuta kamba kwa nyutoni 40, kapu la juu lisingehisi tofauti hata kidogo.

Sasa tuyavute juu. Mchapuko ni mita 2 kwa sekunde kwa sekunde, na makapu yote mawili yanao huo huo, kwa kuwa kamba hazirefuki. Kanuni ya pili ya Isaac Newton, aliyoichapisha mwaka 1687 pamoja na zile mbili nyengine, inasema kani zilizobaki baada ya kupunguzana ni sawa na tungamo mara mchapuko. Tungamo ni zile kilo zenyewe, si uzito.

Kapu la chini kwanza. Mchoro haukubadilika: T2 juu, 40 chini. Kilichobadilika ni kwamba juu lazima pazidi chini, ili kapu lichapuke. T2 − 40 = 4 × 2, kwa hiyo T2 = 48.

Iangalie hiyo 48. Kamba ya pili sasa inavuta kwa nyutoni 48, si 40. Nyutoni 40 za kulizuia kapu lisianguke, na 8 zaidi za kulichapusha. Na kamba nyepesi ikivuta kitu kwa ncha moja, huvuta kwa kiasi hicho hicho kwenye ncha ya pili. Kwa hiyo fundo lililo kwenye kitako cha kapu la juu linavuta chini kwa 48. T1 − 60 − 48 = 6 × 2. T1 = 60 + 48 + 12 = 120.

Rafiki yako aliandika 60 + 40 + 12 = 112. Nyutoni zake nane zimepotelea kwenye fundo lile. Alilipa kapu la juu nyutoni 12 za kuchapuka, akasahau kwamba kapu la chini nalo linachapuka, na kwamba anayelichapusha ni kamba ya pili, na kamba ya pili imejishika kwenye kapu la juu. Lakini T2 = 48 alikuwa ameshaipata mwenyewe mstari mmoja kabla! Angeuchora mshale wa T2 badala ya uzito, ingeingia moja kwa moja. Mwambie asivunjike moyo. Kosa lake ni la mtu anayefikiri, na nimeliona hata kwa wanafunzi wa chuo.

Kuna njia ya kujihakiki ambayo haichukui hata nusu dakika, na kwenye mtihani usiiache. Kitu kimoja ulichokichagua si lazima kiwe kapu moja. Unaweza kuyafunga makapu yote mawili na kamba ya kati ndani ya mfuko mmoja wa mawazo, ukauzunguka mfuko huo kwa kidole. Unaguswa wapi? Mahali pamoja tu, juu, na kamba ya kwanza. Kamba ya pili imo ndani, haigusi kwa nje, kwa hiyo haichorwi kabisa. Kilo zote ni 10, uzito ni 100. T1 − 100 = 10 × 2, T1 = 120. Ukipata namba nyengine kwa njia hii kuliko ile, basi umekosea mahali, rudi uangalie mishale. Watu huniuliza, mbona kwanza ulisema T2 imo, sasa unasema haimo? Inategemea umekata wapi. Ukiikata kamba, mshale wake unatokea. Usipoikata, hautokei. Kwa hiyo kabla ya kuandika mlinganyo wowote, andika kwa maneno pembeni: "nimechagua kapu la juu", au "nimechagua yote mawili". Ni maneno matatu au manne, na yatakuokoa mara nyingi.

Jengine, na hili linawatatanisha wengi: kinachobadilisha mkazo ni mchapuko, si mwendo. Makapu yakipanda kwa mwendo ule ule usiobadilika, hata uwe wa kasi, mikazo inarudi 100 na 40 kama vile yametulia. Na yakishuka huku yakizidi kasi kwa mita 2, mikazo inapungua: 80 na 32. Ukiyaachia kabisa yaanguke, kamba zote mbili zinalegea, sifuri na sifuri.

Hapo tumefika shambani kwa ami yako. Kushusha makapu kwa kamba ni bora kuliko kuteremka nayo, mchumaji anakuwa na mikono yote miwili ya kushikia mti. Lakini fikiria yanavyoshuka. Mtu anaiachia kamba iteleze mikononi, makapu yanapata kasi, halafu karibu na ardhi anaibana ghafla ili karafuu zisimwagike. Kuelekea chini huku kasi inapungua ni sawa na mchapuko wa kuelekea juu. Tuseme yalikuwa na kasi ya mita 3 kwa sekunde, na akayasimamisha kwa nusu sekunde. Mchapuko ni 6 kuelekea juu. T2 = 4 × 16 = 64, na T1 = 10 × 16 = 160. Akiyasimamisha kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mchapuko ni 30: T2 inakuwa 160, T1 inakuwa 400. Kilo kumi za karafuu, kwa muda huo mfupi, zinaielemea kamba kama kilo arubaini. Kamba iliyochakaa kwa jua na mvua haiwezi kustahamili hivyo.

Na kwa nini ya juu? Zigawanye hizo namba. 100 kwa 40, 120 kwa 48, 160 kwa 64, 400 kwa 160: kila mara ni mbili na nusu. Kamba ya juu inavuta mara mbili na nusu ya ya chini, iwe makapu yametulia, yanapanda au yanasimamishwa ghafla, maana ya juu ina kilo 10 chini yake na ya chini ina kilo 4. Mkitumia kamba ya aina moja kote, ya juu ndiyo itakayotangulia kukatika. Mwambie ami, ikiwa lazima ashushe mawili kwa pamoja, kamba nzuri aiweke juu na ile kuukuu chini, tena kapu zito asiliweke chini. Makapu yakibadilishana nafasi, kamba ya juu bado ni 100, lakini ya kati inapanda kutoka 40 hadi 60 bila faida yoyote. Kama anaweza kushusha moja moja, ndiyo salama zaidi, na asisimame mtu chini ya mti.

Yote haya tumechukua kamba kuwa haina uzito. Kwa kamba nyembamba ya nailoni si neno. Lakini kamba nene ya usumba, kama zile zinazosokotwa na kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja baada ya makumbi kulowekwa ufukweni, ina uzito wake. Ikiwa urefu ulioning'inia una kilo 1, basi pale inapofungwa kwenye tagaa mkazo ni nyutoni 110, na kwenye kipini cha kapu ni 100, na katikati ya hapo unabadilika kidogo kidogo. Njia ni ile ile: kata kamba popote unapotaka, hesabu kilichobaki chini ya ulipokata.

Najua mtakachopewa baada ya hapa ni kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, kwa hiyo nikuonyeshe mara moja ili usitishike. Chukua makapu yale yale, lakini sasa kamba moja imepita juu ya kapi jepesi linalozunguka bila kukwama, kapu la kilo 6 upande huu, la kilo 4 upande ule. Mwaka 1784 George Atwood wa Cambridge alieleza chombo cha namna hii, cha kuonyeshea kanuni za Newton polepole kiasi cha jicho kuona. Chora kila kapu peke yake. La kilo 4 linapanda: T − 40 = 4a. La kilo 6 linashuka: 60 − T = 6a. Jumlisha, T inajifuta: 20 = 10a, mchapuko ni 2, na T ni 48. Umeiona? Ni 48 ile ile. Kapu la kilo 4 linapanda kwa mchapuko ule ule wa mwanzo, kwa hiyo kamba yake inalivuta vile vile, na halina habari kama huko juu kuna mkono wa mtu, kapu jengine au kapi. Na ndoano inayobeba kapi inahimili 48 + 48 = 96, si 100. Ukiulizwa nne zimekwenda wapi, ni kwa sababu kilo nyingi zaidi zinashuka kuliko zinazopanda, na ukilikaza kapi lisizunguke wala kamba isiteleze juu yake, 100 inarudi pale pale.

Lakini usije ukasema mkazo ni mamoja pande zote mbili kila unapoona kamba imepinda. Kwenye kapi zuri, sawa. Manahodha wanapopandisha foromali (mti unaobeba tanga) kwa jarari (kamba ya kupandishia) iliyopita kwenye gofia (kapi la chomboni) wanategemea jambo hilo hilo, kwamba kila mkondo wa kamba unavuta karibu sawa na mwenzake. Kamba iliyozungushwa kwenye tagaa la mkarafuu si kapi. Gome linaikwaruza na kuizuia, na upande wa mkono mkazo unaweza kuwa mdogo sana kuliko upande wa makapu. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kushusha mzigo mkubwa kwa kuzungusha kamba mara moja tu kwenye mti.

Sasa kaka yako. Yeye ni mkweli, na wewe ni mkweli. Alichoonyeshwa si makapu mawili. Ni kitu kimoja kizito kilichoning'inizwa kwa uzi, na chini yake umefungwa uzi mwengine kama huo, ambao mtu anaushika kwa mkono na kuuvuta. Ukivuta polepole, unakatika wa juu. Ukikutua ghafla, unakatika wa chini. Tulitenge hilo zito, tuseme ni chupa ya nusu lita, uzito wake nyutoni 5. Mishale mitatu: uzi wa juu unavuta juu, uzito unavuta chini, uzi wa chini unavuta chini. Tuseme uzi wa aina hiyo unakatika ukifika nyutoni 20. Unapovuta polepole, chupa haichapuki, kwa hiyo uzi wa juu siku zote unazidi wa chini kwa nyutoni 5. Mkono ukifika 15, wa juu umefika 20, unakatika.

Ukikutua ghafla, mambo ni mengine. Ili uzi wa juu uongezeke mkazo, lazima urefuke japo kidogo, na ili urefuke lazima chupa ishuke. Chupa haishuki mara moja, inataka muda, hata uwe mdogo namna gani. Wa chini unafika 20 huku wa juu bado uko kwenye 5 zake za mwanzo. Angalia mchoro wa papo hapo: 20 na 5 chini, 5 juu, zimebaki 20 kuelekea chini. Gawa kwa nusu kilo, mchapuko ni mita 40 kwa sekunde kwa sekunde. Chupa ilikuwa inaanza kukimbia, lakini kabla haijasogea kiasi cha kuonekana, uzi wa chini umekatika na habari imekwisha. Huko shambani kilichokutua kilitoka juu, kwenye mikono iliyobana kamba, na kwa kaka yako kilitoka chini. Ndiyo tofauti.

Lifanyeni nyumbani, ni zuri mno kulitazama. Tumia uzi wa cherehani, na ukiona unakatika kwa uzito wa chupa peke yake, ukunje mara mbili au tatu, mradi wa juu na wa chini ulingane. Tandika kanga iliyokunjwa chini ya chupa, na vidole vya miguu viwe mbali. Kisha irudie ile mipira ya noti, chupa mbili, na uinyanyue juu kwa haraka huku mwenzako anarekodi kwa simu. Isogezeni picha polepole na mtazame mpira wa kati pale mkono unapoanza kupanda: unarefuka kupita ulivyokuwa umetulia. Mwonyeshe rafiki yako huo urefu ulioongezeka, ndizo nyutoni zake.

Kuhusu g: kwenye mtihani chukua ile waliyoiandika kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba hapa visiwani ni karibu 9.78, na London au Paris ni karibu 9.81. Sisi tuko jirani na ikweta, ambako dunia imetanuka kidogo, kwa hiyo tuko mbali kidogo zaidi na kitovu chake, na mzunguko wake pia hupunguza sehemu ndogo ya uzito. Kwa makapu yenu hapo Wete, yakivutwa juu kwa mchapuko wa 2, kamba ya juu ni 10 × 11.78, yaani nyutoni 117.8, na ya chini ni 47.1.